Kamba ya Bibi Filomena

Basi la mahujaji lilipopita njia panda ya Ngerengere, Witness aliacha kulia, na basi zima likamshukuru Mungu.

Alikuwa akilia tangu Bagamoyo. Alilia Msata, akalia Chalinze ambako watu walishuka kununua mahindi ya kuchoma wakayala bila raha, akaendelea kulia mpaka sauti ikakauka na kubaki mkwaruzo tu kooni. Kisha akanyamaza. Aliegemeza kichwa dirishani, macho wazi, akatazama mashamba ya mkonge yakipita.

"Bado panauma?" mama yake, Eufrazia, alimuuliza.

"Hapaumi."

"Kabisa?"

"Kabisa, mama. Sisikii kitu."

Eufrazia hakuwa mtu wa kupaza sauti, lakini mwanakwaya aliyeketi nyuma yao alisikia, akapiga kigelegele. Habari ikaruka kiti hadi kiti. Wimbo wa shukrani ukaanza, makofi yakafuata, na Dominiko, mwenyekiti wa mahujaji, akasimama katikati ya basi akijishika kwenye viti viwili. Dominiko alikuwa kaka yake Eufrazia.

"Si niliwaambia?" alisema. "Mama yangu akifunga kamba, hata sumu inajua imekutana na nani! Mimi mwenyewe niligongwa na nyoka kwenye njegere, nina miaka kumi na tisa. Nipo hapa. Nina kitambi."

Watu wakacheka. Mama yake, Bibi Filomena, aliyekaa kiti cha mbele karibu na dereva, hakugeuka. Rozari ilikuwa ikitembea vidoleni mwake.

"Msifurahi mapema," alisema. "Kamba imeishika tu. Mzizi ndio utakaoitoa."

Witness alikuwa na miaka kumi na minne. Kama wengi waliokuwa ndani ya basi lile, alizaliwa Mgeta, kwenye miteremko ya juu ya Uluguru, na maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona ni mto uliofurika wakati wa masika. Asubuhi ile, baada ya misa ya kufunga hija, waliruhusiwa kwenda kuiona bahari kabla ya kuondoka. Wazee walikunja nguo wakatia miguu majini huku wakishikana mikono. Witness alitembea pembeni peke yake, akakiona kitu cha bluu mchangani, kimejaa upepo, kinang'aa kama mfuko wa plastiki mpya. Akakiokota ampelekee mama yake. Kilikuwa na uzi mrefu chini yake, nao ukamzunguka kiganja na mkono mpaka karibu na kiwiko.

Ukelele wake uliwatoa watu wote majini. Mkono ulikuwa umechorwa mistari myekundu iliyovimba, kama wa mtoto aliyechapwa fimbo nyembamba. Wanawake wa Mgeta waliiona mistari ile wakaijua, au wakadhani wameijua. Huko kwao msichana akirudi kutoka kukata kuni ameguswa na upupu, anasuguliwa kwa udongo mkavu mpaka vinyweleo vitoke. Wakachota mchanga wa pwani, wakamsugua kwa upendo wao wote, wawili wameushika mkono, wawili wanasugua. Kadiri walivyosugua ndivyo Witness alivyopiga kelele. Wakamwagia maji ya baraka waliyokuwa wameyajaza kwenye chupa kupeleka nyumbani. Akapiga kelele zaidi. Vijana wawili wa kwaya wakasema eti dawa yake ni kukojolewa, na kwamba wao wako tayari. Bibi Filomena akawafukuza kwa kandambili.

Mama mmoja mkaanga samaki alikuja mbio kutoka kwenye vibanda. "Jamani, huyo kachomwa na konyeza! Msimsugue! Msimtilie maji ya chupa, mmwagieni ya bahari. Halafu mleteni kwangu, nina maji ya moto, autie mkono humo."

"Maji ya moto?" Filomena alimtazama. "Mtoto ameungua, wewe unataka kumchemsha. Na hayo ya bahari, si ndiyo yaliyomuuma?"

"Bibi, sisi tunaumwa na hawa kila siku."

"Nyinyi ni watu wa pwani. Damu yenu imezoea."

Mkaanga samaki akanyanyua mabega, akarudi kwenye karai lake. Filomena akachana upindo wa kanga yake, akausokota, akaufunga chini kidogo ya kiwiko cha mjukuu wake, akapitisha kijiti, akakizungusha mara moja, mara ya pili, mpaka ngozi ikaingia ndani. Kwa mkono huohuo alikuwa amewafunga watu walioumwa na nyoka tangu Eufrazia akiwa mgongoni. Hakuna mtu katika basi lile ambaye hakuwa na ndugu aliyewahi kufungwa na Filomena akapona. Wale ambao hawakupona walikuwa wamezikwa, na husemwa kwamba walicheleweshwa.

Sheria yake ilikuwa moja. Kamba huizuia sumu isipande, mzizi huifukuza. Ukiifungua kamba kabla mgonjwa hajanywa mzizi, sumu yote inakwenda moyoni kwa pamoja. Na mzizi ulikuwa Mgeta, juu ya dari ya jiko.

Eufrazia alikiweka kiganja cha mwanawe mapajani mwake. Hakuimba. Vidole vilikuwa vya baridi kama karoti zilizotoka kuoshwa mtoni alfajiri, na rangi ilikuwa imehama. Alikibonyeza kidole gumba. Pakabaki peupe, damu haikurudi.

"Chezesha vidole."

"Nachezesha," alisema Witness.

Vidole vilikuwa vimetulia.

Eufrazia aliinuka, akaenda mbele akiomba radhi kiti kwa kiti, akachutama kando ya mama yake.

"Mama, vidole vya mtoto vina baridi."

"Sumu ni baridi."

"Tulegeze kidogo tu, mama. Kidogo."

Filomena aliibusu rozari, akaishusha. Hakuwa amekasirika. Sauti yake ilikuwa ileile aliyomfundishia Eufrazia kupanda kabichi. "Ukilegeza kidogo, itapita kidogo. Moyo wa mwanao unataka sumu kiasi gani?"

Eufrazia aliinuka. Alirudi kwenye kiti chake.

Simu iliita. Alikuwa Leonard, mumewe, aliyebaki nyumbani kumwagilia shamba; habari ya mkono alishaambiwa asubuhi.

"Mmefika wapi?"

"Tunaikaribia Moro."

"Mshusheni hapo. Hospitali kubwa ipo hapo, mnapita mlangoni kwake. Mimi nateremka kuwafuata."

"Mama anasema mpaka mzizi."

"Eufrazia, unanisikia? Mshushe."

"Kaka yuko hapa," alisema Eufrazia, kwa sababu Dominiko alikuwa ameshanyoosha mkono kuichukua simu.

"Shemeji! Habari za kazi," Dominiko alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Hapana, hapana, usihangaike. Mtoto ametulia, haumwi tena. Ndiyo. Shemeji, sikiliza. Wewe ni baba, tunakuheshimu. Lakini mtoto ana wenyewe. Mjomba wake yupo, bibi yake yupo. Wewe tuchemshie chai."

Basi likacheka, si kwa ubaya. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mume aliyeoa katika ukoo mkubwa kama ule hujifunza mapema kuyameza maneno. Dominiko aliirudisha simu. Eufrazia alipoisogeza sikioni, Leonard alikuwa ameshakata.

*

Kwenye stendi ya Msamvu, mjini Morogoro, walisimama ili watu wajisaidie na kununua mkate. Eufrazia alimshusha Witness, akampeleka chooni. Msichana alishindwa kujifunga sketi. Mkono ulining'inia, na kwenye mistari ya asubuhi malengelenge yalikuwa yamejaa maji ya rangi ya chai.

"Mama, mbona huu ni mzito?" aliuliza Witness. "Ni kama nimeubebea mtu."

Walipotoka, dereva mmoja wa bajaji, mtu mzima mwenye kofia ya kufuma, aliuona ule mkono kabla hajawaona wao.

"Shikamoo, mzee," Witness alimwamkia, maana alikuwa mtoto mwenye adabu.

"Marahaba, binti. Mama, twende hospitali? Twende sasa hivi. Utanilipa ukirudi."

Eufrazia alisimama. Mlango wa bajaji ulikuwa wazi, na kiti kilikuwa kimetandikwa kitambaa safi chenye maua. Alikuwa na mguu mmoja juu ya ukingo wa lami na mwingine vumbini. Alifikiri: wataifungua. Jambo la kwanza watakalolifanya ni kuifungua ile kamba, na mwanangu atakufa mikononi mwa wageni, na mimi ndiye niliyemleta. Halafu akafikiri juu ya vidole. Halafu tena juu ya moyo.

"Eufrazia!" Dominiko aliita kutoka mlangoni mwa basi. "Unangoja nini? Tunawahi mzizi, wewe unapiga soga!"

Watu wote waliokuwa dirishani walimtazama. Alihisi uso unawaka.

"Asante, kaka," alimwambia yule dereva. "Tumeshapata dawa."

"Dawa gani hiyo, mama?"

Alikuwa ameshamgeukia mwanawe, anamsaidia kupanda.

*

Barabara ya milimani ilikuwa mbovu kwa mvua. Juu ya Mzumbe walishuka mara mbili kulisukuma basi, na Filomena naye alishuka, akaweka bega lake la kizee pamoja na la vijana, akiwahimiza. Hakuna aliyeweza kusema kwamba hakutaka kufika. Walipoingia Mgeta ukungu ulikuwa umeshashuka kwenye matuta ya kabichi, na jua lilikuwa linaondoka.

Leonard alikuwa amesimama barabarani kwa buti zake za shambani. Hakumsalimu mtu. Alimbeba Witness mgongoni, akaipanda ile njia ya mteremko mkali mpaka nyumbani bila kupumzika. Nyuma yake Filomena alikuwa ameshatuma mtu akawashe moto.

Mzizi ulichemka. Witness aliunywa, akakunja uso kwa uchungu, akatapika karibu na mafiga. "Vizuri," alisema Filomena. "Inatoka." Akapiga magoti mbele ya mjukuu wake, akafanya ishara ya msalaba, akakirudisha kijiti nyuma, mara moja, mara ya pili. Kile kitambaa hakikutoka. Kilikuwa kimeingia ndani ya uvimbe. Akakikata kwa wembe.

Watu waliojazana jikoni walingoja damu irudi. Chini ya ile alama ya kamba mkono ulikuwa na rangi ya bilinganya, na vidole vimepauka na kukunjamana. Filomena alivikanda. Alivipulizia pumzi. Alivipaka mafuta ya nyonyo akavikanda tena, kidole kimoja kimoja, kama anavyokandwa mtoto mchanga.

"Itarudi," alisema.

Akakigeuza kiganja, akakikanda upande wa pili.

"Ule wa Dominiko ulichukua usiku mzima. Itarudi."

Leonard alikuwa amesimama mlangoni. "Mama," alimwambia mama mkwe wake, taratibu, "nimekuheshimu tangu nilipokuja kuoa hapa. Leo nakuomba usogee."

"Leonard," Dominiko alianza.

"Shemeji, chai ipo kwenye chupa. Kunywa."

Alimchukua mwanawe. Eufrazia akachukua kanga mbili na sweta, akafuata. Nyuma yake alimsikia mama yake bado amepiga magoti palepale, akisema, "Itarudi, itarudi," kama mtu anayeita mbuzi.

Walipata lifti ya lori la kabichi lililokuwa linateremka kwenda soko la Dar. Dereva aliwaweka mbele, utingo akaenda kulala juu ya mzigo.

*

Kulipokucha walikuwa wodini, mjini Morogoro. Daktari alikuwa kijana mwembamba mwenye macho mekundu ya kukesha. Aliuchoma mkono kwa sindano hapa na pale, kuanzia kwenye vidole kwenda juu, akimuuliza Witness kila mara, "Hapa?" Witness alikuwa akitikisa kichwa. Alipofika chini kidogo ya kiwiko ndipo msichana aliposhtuka.

Daktari aliwatoa wazazi nje, kwenye benchi la korido.

"Nani alifunga?"

Leonard alitazama sakafu. Eufrazia alisema, "Bibi yake. Ni kitu cha baharini, daktari. Kina sumu."

"Konyeza. Nimeiona mistari." Alijifuta uso. "Mlimwosha kwa kitu gani?"

"Tulimsugua mchanga. Tukamwagia maji ya kunywa."

"Hivyo ndivyo vilivyofanya imuume zaidi. Zile nyuzi zina vimiiba vidogo huvioni kwa macho. Ukisugua, au ukitia maji yasiyo ya chumvi, vinafyatuka. Ilitakiwa mummwagie maji ya bahari, mzitoe nyuzi taratibu kwa kitu, si kwa mikono mitupu, halafu mkono uingie kwenye maji ya moto, ya moto wa kuvumilika, mpaka maumivu yapungue. Mngemwangalia asije akabanwa pumzi. Basi."

"Basi?" aliuliza Leonard.

"Yule wa bluu ni mkali, lakini mtoto mwenye afya kama huyu, angelia mpaka jioni. Leo angekuwa anajikuna. Mistari ingebaki wiki kadhaa."

Korido ilikuwa na watu wengi. Mwanamke mmoja aliyeketi mwisho wa benchi lao alisogea, akajifanya anatafuta kitu mkobani.

"Sasa ile sumu..." Eufrazia alianza.

"Mama, ile sumu haikuwa ya kumuua. Kilichouua mkono ni kamba. Damu haikushuka kutwa nzima. Sasa ndiyo kuna sumu, maana nyama iliyokufa inatoa uchafu, na tangu mlipofungua unapanda. Mkojo wake umeshabadilika rangi. Tukingoja, tutapoteza figo, halafu tutampoteza yeye. Nataka nimwingize chumba cha upasuaji asubuhi hii."

Aliwaacha wazungumze. Simu ya Eufrazia iliita. Ilikuwa namba ya Dominiko, na sauti yake haikuwa ya jana.

"Mama amekaa hajalala," alisema. "Tunapanda gari la kwanza. Wamesemaje?"

"Wanataka kukata."

Simu ikahama mkono. Halafu ikaja sauti ya Filomena, mbali kidogo, kwa sababu hakuwahi kujifunza kuisogeza simu mdomoni.

"Msikubali, mwanangu. Nakuja na mafuta mengine. Mkono wa mtoto si tawi. Nisubiri. Umenisikia, Eufrazia? Nisubiri nifike."

"Nimesikia, mama."

Aliishusha simu. Daktari alikuwa amerudi, amesimama na muuguzi. Eufrazia alimtazama mumewe.

"Sema," alimwambia.

Leonard alikuwa na matope ya shamba yaliyokauka kwenye buti. "Nikisema mimi, mpaka nakufa nitakuwa mgeni aliyewakata mtoto wao," alisema. "Sitojali. Nitasema kama huwezi. Lakini kwenye basi walikuuliza wewe."

Haikuwa kweli. Kwenye basi hakuna aliyemuuliza Eufrazia chochote. Ila yule wa bajaji alimuuliza.

"Mjomba wake yuko njiani?" daktari aliuliza, akijua watu wa milimani. "Huwa mnapenda kusubiri wajomba."

"Kateni," alisema Eufrazia.

Ilitoka kwa sauti ndogo mno hivi kwamba muuguzi aliinama kidogo.

"Umesemaje, mama?"

"Nimesema kateni. Mimi ndiye niliyemzaa."

Walimruhusu aingie kumuaga mwanawe kabla hawajampeleka. Witness alikuwa amelala chali, amefunikwa shuka la kijani, midomo imekauka. Mkono ulikuwa juu ya mto peke yake, umefungwa bandeji, kama mgonjwa mwingine aliyelazwa kitanda kimoja naye. Alikuwa ameshaambiwa. Hakulia, machozi yalikuwa yameishia Ngerengere.

"Mama, bibi amefika?"

"Bado."

"Anajua kwamba wanakata?"

"Anajua. Amesema tumsubiri."

"Sasa umemwambiaje?"

Eufrazia alimpangusa midomo kwa ncha ya kanga. "Sijamwambia kitu. Nimewaambia madaktari wakate."

"Bila kumuuliza bibi?"

"Bila kumuuliza."

Witness alifikiri jambo hilo akiitazama dari. Muuguzi alikuwa ameshaifungua breki ya kitanda kwa mguu. Ndipo msichana alipogeuza shingo, akamtazama mama yake, bila hasira, kama mwanafunzi anayemuuliza mwalimu swali ambalo kweli hajalielewa.

"Sasa jana kwa nini ulimuuliza?"

Kitanda kilisogea. Magurudumu yalilia juu ya sakafu yote mpaka mwisho wa korido, na Eufrazia aliyafuata akiwa ameshika ukingo wa shuka, mpaka mlangoni, ambapo walimwambia aachie.